Somo la Tisa: Ngeli ya Mahali (PA-, KU-, MU-) katika Masimulizi ya Maisha ya Chuoni

9.1 Malengo

Baada ya kulisoma somo hili, mwanachuo aweze:
(a) kueleza tofauti za maana zilizopo baina ya PA-, KU- na MU-;
(b) kutumia kiambishi tamati -ni pale kinapohitajika, na kukiacha pale kisipohitajika;
(c) kulinganisha ngeli ya mahali ya Kiswahili na ile ya lugha wanazotoka nazo wanafunzi nyumbani;
(d) kusahihisha makosa ya wanafunzi kwa kueleza chanzo chake.

9.2 Utangulizi

Mwanachuo anapowaandikia wazazi wake barua ya kwanza kutoka chuoni, jambo analolitaja kabla ya mengine ni mahali: anakolala, anamosomea, panapochezewa mpira, kunakouzwa chakula cha bei nafuu. Bila ngeli ya mahali barua hiyo haiandikiki. Ndiyo maana maisha ya chuoni, hasa zile siku ambazo watu wote hutoka nje, yanafaa sana kuwa uwanja wa somo hili.

Ipo pia sababu ya pili. Katika nchi jirani na pwani, Kiswahili kinazidi kuingia madarasani. Nchini Uganda katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Nchini Rwanda kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017. Na katika Kongo ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Wanafunzi wa nchi hizo hawaji darasani wakiwa watupu. Huja na lugha zenye ngeli za mahali zilizokamilika, na wengine huja na Kiswahili cha nyumbani kwao. Mwalimu asiyejua walichokuja nacho atakiona kila kinachotofautiana na kitabu kuwa ni ujinga, naye atakuwa amekosea.

9.3 Kifungu cha kusoma

Soma kifungu kifuatacho, kilichotungwa kwa ajili ya somo hili. Unaposoma, orodhesha kila neno lenye upatanisho wa mahali.

Jumamosi ya Michezo

Kila mwaka, muhula wa pili unapokaribia kwisha, chuo chetu huwa na Siku ya Michezo. Siku hiyo madarasani hamna mtu. Kengele ya bwaloni hulia mara moja tu alfajiri, na kila bweni hutoka na bendera yake. Uwanjani kwetu hapana jukwaa la saruji. Pana mwembe mmoja mkubwa, na chini yake ndipo wanapokaa wageni na wazee wa kijiji. Upande wa pili, kule penye mteremko, wauza vyakula hutandaza biashara zao: mahindi ya kuchoma, karanga, ndizi, na zile chapati zilizoviringishiwa mayai ambazo Waganda huziita rolex. Kwingine kote ni nyimbo na ngoma.

Mwaka huo kazi ya kutangaza alipewa mwanachuo wa mwaka wa kwanza, mzaliwa wa mashariki ya Kongo. Alikuwa na sauti nene ya kupendeza, tena alijua kuchekesha watu pasipo kumvunjia mtu heshima. Mbio za kupokezana vijiti alizitangaza kwa namna ambayo hata walioshika mkia walipigiwa makofi. Ilipofika zamu ya kuvuta kamba alisema, “Wavuta kamba wote, ingieni mu uwanja! Wazazi wetu, bakieni ku kivuli!”

Penye mwembe palizuka kicheko. Mwanachuo mmoja wa mwaka wa tatu akaichukua maikrofoni mkononi mwake, akasema, “Sikilizeni Kiswahili sanifu: wavuta kamba wote waingie katika uwanjani mkubwa!” Kicheko kikazidi. Mtangazaji akainamisha macho, akaondoka pale, akaenda kukaa kule kwa wauza mahindi. Jioni ngoma zilipopigwa hakuonekana. Juma lote lililofuata alikaa kimya darasani, na alipoulizwa swali alijibu kwa Kifaransa.

Mkufunzi wetu wa sarufi, ambaye siku ile alikuwa ameketi mwembeni pamoja na wageni, hakusema neno mpaka kipindi cha Jumanne ya juma la pili. Aliandika ubaoni sentensi mbili, ile ya mtangazaji na ile ya msahihishaji, bila kuwataja waliozisema. Kisha akauliza, “Ni ipi kati ya hizi inayofuata kanuni?” Sote tukanyosha mikono, tukaitaja ya pili.

Akatikisa kichwa. “Ya kwanza inafuata kanuni moja tangu mwanzo hadi mwisho: mahali huonyeshwa na neno linalotangulia nomino. Ndiyo kanuni ya lugha nyingi za Kibantu, na ya Kiswahili cha watu wengi huko Kongo. Haikubaliki katika mtihani wa Kiswahili sanifu, lakini ni kanuni. Ya pili imeokota vipande vya kanuni mbili na kuvifunga pamoja. Haya, kati ya wasemaji hawa wawili, ni yupi atakayefundishika upesi?”

Darasani mkawa kimya. Ndipo kutoka safu ya nyuma mtangazaji wetu aliponyosha mkono, kwa mara ya kwanza tangu Siku ya Michezo.

“Mwalimu,” akauliza, “hiyo -ni, kazi yake ni nini hasa? Maana sisi kwetu mu na ku zinatosha.”

Mkufunzi akatabasamu, akaweka chaki mezani. “Swali hilo,” akasema, “litatuchukua mpaka mwisho wa muhula.”

9.4 Kazi ya -ni na kazi ya PA-, KU-, MU-

Swali la mtangazaji ndilo kiini cha somo hili. Tulijibu hatua kwa hatua.

Katika Kiswahili sanifu, kiambishi tamati -ni huifanya nomino ya kawaida kuwa nomino ya mahali: uwanja → uwanjani, bweni → bwenini, ukumbi → ukumbini. Nomino ikishapata -ni huacha ngeli yake ya asili na kuingia katika ngeli ya mahali. Kwa hiyo twasema uwanja wetu, lakini uwanjani kwetu; bweni langu, lakini bwenini mwangu.

Hata hivyo, -ni haisemi ni mahali pa namna gani. Neno uwanjani peke yake halielezi kama ni mahali mahususi, au eneo kwa jumla, au ndani. Kazi hiyo hufanywa na upatanisho:

PA- huonyesha mahali mahususi, panapojulikana au panapoonekana wazi.
Mfano: Mwembeni pale pameketi wageni.

KU- huonyesha eneo kwa jumla, mahali pasipo mpaka dhahiri, au upande ambao mtu anaelekea au anatoka.
Mfano: Uwanjani kule kuna kelele nyingi leo.

MU- huonyesha ndani ya kitu au mahali penye mzingo.
Mfano: Ukumbini mle mmepangwa viti vya wageni.

Basi mtangazaji anapouliza “mu na ku zimekwenda wapi?” tunaweza kumjibu kuwa hazikupotea. Katika Kiswahili sanifu zimeondoka mbele ya nomino, na nafasi hiyo imejazwa na -ni iliyo nyuma. Lakini zinaendelea kuishi katika vitenzi, vionyeshi, vimilikishi na virejeshi. Anayesema mu uwanja tayari anayo maana. Kinachobaki ni kumwonyesha mahali pa kuiweka.

9.5 Jedwali la upatanisho

Kiambishi cha kiima: pa- / ku- / m- (mu-, mw-)
Kuwa na: pana / kuna / mna
Kukanusha kuwa na: hapana / hakuna / hamna
Vionyeshi vya karibu: hapa / huku / humu
Vionyeshi vya mbali kidogo au vya kurejelea: hapo / huko / humo
Vionyeshi vya mbali: pale / kule / mle
Kimilikishi: pangu / kwangu / mwangu
-a unganifu: pa / kwa / mwa
-ote: pote / kote / mote
-ingine: pengine / kwingine / mwingine
Kirejeshi: -po- / -ko- / -mo-
Kisisitizi: ndipo / ndiko / ndimo

Tanbihi ya kwanza. Nomino mahali ndiyo inayobeba upatanisho wa PA- ingawa haina -ni: mahali pazuri, mahali pengine, mahali panapofaa.

Tanbihi ya pili. Katika mazungumzo ya siku hizi, kuna na hakuna husikika hata pale ambapo sarufi ingependelea pana au mna. Mwalimu asilihesabu jambo hilo kuwa kosa katika maongezi. Katika insha, hata hivyo, mwanafunzi atakayezitofautisha ngeli hizi tatu atamwonyesha msomaji mambo mengi kwa maneno machache.

9.6 Mahali ambapo -ni haitumiki

(a) Kwa majina ya pekee ya mahali. Hatusemi *Kampalani wala *Bukavuni. Jina husimama peke yake, na upatanisho wa mahali hufuata: Kampala kuna vyuo vingi. Makerere ndiko Julius Nyerere alikosomea ualimu kuanzia mwaka 1943.

Yako majina ya pekee ambayo tayari yana -ni ndani yake kwa kuwa yalianza kama nomino za kawaida. Wanachuo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huita kampasi yao kuu Mlimani, kwa kuwa imejengwa juu ya kilima. Bustani ya ufukweni mjini Unguja, ambako watu hukusanyika jioni kula na kupunga upepo, huitwa Forodhani. Majina haya hayaongezwi kitu.

(b) Kwa watu. Hutumiwa kwa: Nenda kwa mkufunzi, si *Nenda mkufunzini.

(c) Nomino inapotanguliwa na katika au kwenye. Vihusishi hivi hufanya kazi ileile ya -ni. Kuvitumia pamoja ni kulipa deni moja mara mbili. Sema katika uwanja au uwanjani. Usiseme *katika uwanjani.

(d) Nomino inapofuatwa na kivumishi cha sifa kinachoieleza nomino yenyewe. Sema kwenye uwanja mkubwa. Usiseme *uwanjani mkubwa, kwa kuwa neno uwanjani limekwisha kuacha ngeli inayotoa mkubwa. Ukisema uwanjani pazuri, unasifu mahali palipo, wala si uwanja wenyewe.

Sasa rejea katika kifungu. Msahihishaji wa mwaka wa tatu alivunja kanuni (c) na (d) katika maneno matatu, huku akiamini kuwa anafundisha.

9.7 Mahali kuwa kiima cha sentensi

Linganisha sentensi hizi nne:

1. Wanachuo wamejaa uwanjani.
2. Uwanja umejaa wanachuo.
3. Uwanjani pamejaa wanachuo.
4. Uwanjani kumejaa wanachuo.

Katika sentensi ya 1, kiima ni wanachuo, na uwanjani ni kielezi cha mahali. Katika sentensi ya 2, kiima ni uwanja, kwa hiyo kitenzi kimechukua u-. Katika sentensi ya 3 na ya 4, mahali penyewe ndipo palipokuwa kiima. Msemaji wa sentensi ya 3 anauonyesha uwanja kama mahali mahususi, pengine akiwa anautazama. Msemaji wa sentensi ya 4 anaeleza hali ya eneo lote kwa jumla. Kosa la kuangaliwa ni *Uwanjani umejaa wanachuo, ambapo nomino imepata -ni lakini kitenzi kimebaki katika ngeli ya zamani.

Muundo huu hufaa sana katika masimulizi, kwa sababu humweka msomaji mahali kabla ya kumwonyesha watu. Tazama: Mbele ya jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere pana uwanja uitwao Freedom Square. Hapo ndipo yanapofanyikia mahafali. Msomaji kwanza huuona uwanja. Ndipo majoho yanapoingia.

9.8 Wanafunzi wetu wanatoka na nini nyumbani?

Luganda. Mwanafunzi wa Luganda husema Mu kisaawe mulimu abantu, yaani uwanjani ndani mna watu, au Ku kisaawe kuliko abantu, yaani penye uwanja kuna watu. Kiambishi hutangulia nomino, na kitenzi hupatana nacho. Hivyo upatanisho wa mna na kuna hautamshangaza. Vitakavyomtatiza ni viwili: -ni kukaa nyuma, na maana ya ku. Katika Luganda ku hutumika pia kwa kitu kilicho juu ya kingine, kama ku mmeeza. Mwanafunzi huyo aelezwe kwamba Kiswahili sanifu husema mezani au juu ya meza, na kwamba kitabu kilichopo mbele ya macho yake mezani hupendelea pana: Mezani pana kitabu.

Kinyarwanda na Kirundi. Hapa pia nomino hutanguliwa na mu au ku, lakini kitenzi hutumia ha- kwa mahali pote: Mu kibuga harimo abantu; Ku meza hari igitabo. Kwa kuwa ha- hiyo ni ndugu wa pa- ya Kiswahili, mwanafunzi anaweza kushikilia upatanisho wa aina moja tu kwa kila mahali. Mwalimu amzoeze kwa makusudi sentensi za KU- na MU-.

Kiswahili cha Kongo. Wasemaji wengi husema mu nyumba na ku soko. Mwanafunzi huyu tayari ana msamiati mpana na ulimi mwepesi. Mwalimu asimwambie kwamba hajui Kiswahili. Amwambie kwamba anakijua kimoja, na kwamba shuleni anaongezewa cha pili.

9.9 Kwa mwalimu: kufundishia nje

Somo hili hufundishika vizuri zaidi nje ya darasa kuliko ubaoni. Fuata hatua hizi:

Kwanza, chora duara kubwa uwanjani kwa majivu au chokaa. Chagua kitu kimoja kilicho karibu na kinachoonekana, kama vile mlingoti wa bendera au goli, na upande mmoja wa mbali usio na mpaka, kama vile mashambani.

Pili, waeleze wanafunzi kwamba duara ni MU-, mlingoti ni PA-, na mashambani ni KU-. Tamka mle!, pale! au kule!, nao wakimbilie panapohusika. Anayekosea asitolewe mchezoni. Awe yeye wa kutamka amri inayofuata.

Tatu, wakiwa wametulia mahali tofauti, waulize waliomo duarani wanachokiona. Watajibu kwa sentensi kamili: Humu mna watu sita. Mlingotini pale pana wawili. Kule hakuna mtu.

Nne, warudi darasani waandike aya moja kuhusu siku ya michezo, tamasha la ngoma au mahafali waliyowahi kuhudhuria, wakitumia ngeli zote tatu.

Wakati wa kusahihisha, usilisomee darasa kosa la mwanafunzi kwa jina lake. Andika sentensi ubaoni, uliza ni kanuni gani iliyoizaa, kisha uliza Kiswahili sanifu kingesemaje. Mwanafunzi aliyenyamazishwa kwa kicheko huacha kutoa makosa, na pamoja na makosa huacha kutoa sentensi. Mwalimu hubaki hana cha kusahihisha.

9.10 Muhtasari

Kiambishi -ni huifanya nomino kuwa ya mahali. PA-, KU- na MU- hueleza ni mahali pa namna gani. Nomino ikipata -ni huacha ngeli yake. Kiambishi -ni hakitumiki kwa majina ya pekee ya mahali, kwa watu, baada ya katika na kwenye, wala mbele ya kivumishi kinachoieleza nomino yenyewe. Lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka huonyesha mahali kwa neno linalotangulia nomino, na hicho ndicho chanzo cha makosa mengi ya wanafunzi wetu.

9.11 Mazoezi

A. Jaza nafasi kwa upatanisho unaofaa wa mahali.
1. Ukumbini ______ (MU-, kuwa na) viti mia mbili.
2. Golini ______ (PA-, kionyeshi cha mbali) pamesimama mlinda mlango.
3. Nyumbani ______ (KU-, -etu) hakuna umeme.
4. Mwembeni ndi______ (PA-) tulipokutana mara ya kwanza.

B. Sahihisha sentensi hizi, kisha utaje kanuni iliyovunjwa.
1. *Tulicheza netiboli katika uwanjani.
2. *Bwenini langu mna watu wanane.
3. *Ngoma zilipigwa uwanjani mpana.
4. *Bwaloni limejaa wanachuo.
5. *Nilikwenda mwalimuni kuomba ruhusa.

C. Eleza tofauti ya maana:
1. Chumbani pana mtu. / Chumbani mna mtu.
2. Wameketi pale. / Wameketi kule.

D. Andika tangazo la maneno yasiyozidi mia moja la siku ya michezo ya chuo chako. Liwaelekeze wachezaji, wageni na wauza vyakula mahali pa kukaa. Tumia PA-, KU- na MU-, kila moja angalau mara mbili.

E. Kwa majadiliano ya vikundi. Andika sentensi mbili za mahali katika lugha ya nyumbani kwenu, uzitafsiri kwa Kiswahili sanifu, kisha uwaeleze wenzako ni kosa gani ambalo msemaji wa lugha hiyo anaweza kulifanya. Mwisho, jadilini: iwapo ungalikuwa umeketi chini ya mwembe Jumamosi ile, ungalimwambia nini mtangazaji kabla hajaondoka uwanjani, na ungalimwambia nini aliyemnyang’anya maikrofoni?